Biskuti za mabaki ya kabati: kumbukumbu ya mradi wangu baada ya Idi

Ramadhani ikishapita, kabati la jikoni hubaki na kila kitu kidogo kidogo. Unga wa mchele uliokusudiwa vitumbua, tambi nusu pakiti, tende zilizoanza kukauka ngozi, kopo la kastadi, maziwa ya unga mkiani mwa mfuko, ufuta, karanga, na vifuko vya unga wa ngano ambavyo hata ukivijumlisha havitoshi maandazi ya kulisha nyumba. Hapa Tanga joto na unyevu havisubiri. Ukiviacha mpaka Mfungo Tatu, fukusi watakuwa wameshahamia.

Nikaamua sinunui chochote cha kuokea mpaka kabati liishe, isipokuwa mayai na mkaa. Vyote viwe biskuti, na kila mpiko niuandike kwa gramu, ili atakayesoma asiambiwe tu "tia kiasi". Nalichukia neno hilo. Mpishi wa miaka thelathini anaijua kiasi yake, na mwali aliyeolewa juzi hana pa kuishika.

Kanuni niliyoanzia

Biskuti ya msingi kabisa ina hesabu ya moja, mbili, tatu kwa uzito: sukari sehemu moja, mafuta sehemu mbili, unga sehemu tatu. Gramu 100 za sukari, 200 za siagi, 300 za unga wa ngano, basi. Hakuna yai, hakuna hamira. Waskoti wamezioka hivyo tangu zamani, na nankhatai tulizozipata pwani kwa Wahindi haziko mbali na hapo, ila zina samli badala ya siagi, na iliki.

Nimeichagua kwa sababu inaonyesha kazi ya kila kitu. Unga ndio mwili. Mafuta huzifunika chembe za unga zisishikane na maji zikawa ngumu kama chapati baridi. Sukari huyeyuka motoni, huitandaza biskuti na kuipa rangi. Ukishajua kazi hizo, unaweza kusimama mbele ya kabati na kuuliza: humu ndani nani atafanya kazi ya unga leo, nani ya sukari, nani ya mafuta?

Samli na siagi hazilingani. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu yote. Kwa hiyo panapotajwa siagi gramu 200, mimi natia samli 160, kisha naongeza maziwa kijiko kimoja kimoja donge likikataa kushikana. Asiye na mizani achukue kikombe cha mililita 250: unga wa ngano uliochekechwa hufika kama gramu 125, sukari kama 200.

Oveni ya sufuria

Sina oveni ya umeme. Nina sufuria kubwa ya pilau, mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili chini, vijiwe vitatu juu ya mchanga, na trei ndogo inayokaa juu ya vijiwe bila kugusa kuta. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Moto wa chini hupanda wenyewe, kwa hiyo ukiuzidisha biskuti huungua matako huku uso umepauka.

Kupima moto natumia njia ya zamani ya unga. Natandaza unga kijiko kimoja kwenye trei tupu, nafunika kwa dakika tano. Ukitoka na rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani, na ndio ninaoutaka. Ukitoka kahawia iliyokolea, napunguza makaa ya juu na kusubiri. Ukitoka mweupe bado, napalia tena.

Haya yote nayafanya uani. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu yoyote ile, hata mvua ikinyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu waliolala.

Mpiko wa kastadi

Nilianza na kastadi kwa sababu kopo lilikuwa limeshafunguliwa. Unga wa kastadi kwa sehemu kubwa ni wanga wa mahindi wenye rangi na harufu ya vanila. Hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika ukikanda, kwa hiyo ukichukua nafasi ya sehemu ya ngano biskuti inakuwa laini zaidi. Ngano 240, kastadi 60, sukari ya kusaga 100, samli 160, chumvi ncha ya kijiko. Maziwa vijiko viwili. Dakika kumi na tano hivi, mpaka ukingo umeanza kubadilika.

Zilitoka njano, laini, zinayeyuka mdomoni. Jirani aliyekuja kuomba kibiriti alikula mbili akiwa amesimama, akauliza, "Shoga, hizi umetia mayai mangapi?" Hakuna hata moja. Rangi yote ile ni ya kastadi.

Unga wa mchele, na maneno ya bibi

Huu ndio mpiko uliokula muda wangu mwingi, na ninaufurahia kuliko yote. Unga wa mchele pwani una biskuti yake tangu enzi, vileja, lakini nyumba nyingi za rika langu sasa wanavinunua vikiwa tayari. Nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unataka nini saa hizi?"

Nilipomweleza akacheka, kisha akanipa darasa. Unga wa mchele, alisema, hautaki maji, unataka samli. Usiukande. Ukusanye kwa vidole, uubane kwenye kiganja, ukishika umbo umetosha. Na usiwe na haraka ya kuupeleka motoni: "Uache upumzike, mchele mgumu kuliko ngano, mpe nafasi anywe."

Nililishika neno la kupumzika. Chembe za mchele huchukua muda kulainika, na donge likiokwa papo hapo biskuti hukwaruza meno kama ina mchanga. Nikaligawa. Nusu nikaoka hapohapo, nusu nikaifunika nusu saa. Tofauti iko wazi kabisa, hata mtoto anaisema. Zilizopumzishwa zina ulaini wa poda, na hazina ule mkwaruzo.

Vipimo vyangu: unga wa mchele 300, uliochekechwa mara mbili. Sukari 110, iliyotwangwa na mbegu za iliki pamoja, maana sukari hushika harufu vizuri zaidi iliki ikisagikia ndani yake. Samli 170. Viini viwili vya mayai, kwa sababu mchele hauna gluteni ya kushika na kiini husaidia kufunga. Iliki yangu ni ya Muheza, na nayo ilikuwa imebaki kwenye kopo tangu pilau la Idi. Moto uwe wa chini kidogo kuliko wa kastadi. Vileja havitakiwi kuwa kahawia. Viwe vyeupe, na tako tu lenye rangi.

Usivishike vikiwa vya moto. Vinavunjika. Trei ikitoka, iache ipoe yenyewe, samli igande tena ndani, ndipo uvinyanyue.

Nilimpelekea bibi kopo moja. Jibu lake lilikuwa fupi: iliki iongezwe.

Tende

Tende kavu ni sukari kwa karibu theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo nilizipa kazi ya sukari. Nikaziloweka kwa maji ya moto, nikatoa kokwa, nikaziponda. Zikachanganywa na samli na unga wa ngano, biskuti zikatoka laini kama keki. Tamu, watoto wakazimaliza, lakini kwangu biskuti ni kitu kinachokatika. Maji yaliyo ndani ya tende ndiyo yanayoilainisha, na kuacha trei motoni muda zaidi huunguza tu kingo.

Njia iliyofaa ni kuzitenganisha. Tende zilizopondwa nazirudisha kwenye kikaango na samli kijiko kimoja, moto mdogo, nazigeuza mpaka ziachane na kikaango na kuwa kama udongo wa kufinyangia. Kisha natengeneza vidonge, kila kimoja nakifunika kwa donge la moja-mbili-tatu, juu nabana ufuta. Waarabu wana maamoul za namna hiyo wakati wa Idi. Ganda linabaki kavu, utamu uko ndani, na sukari kwenye donge naweza kuipunguza nusu bila mtu kulalamika.

Chicha ya nazi

Kila siku ya wali wa nazi, chicha hubaki. Kuku wa jirani ndio waliokuwa wakifaidi. Sasa naikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikigeuza bila kuondoka, mpaka ikauke kau na kutoa harufu. Naipima ikiwa tayari imekauka, kwa sababu mbichi ina maji mengi na hesabu yote itapotea.

Inachukua nafasi ya robo ya unga, isizidi. Ikizidi hapo biskuti zinachanguka, maana chicha ni nyuzi na nyuzi hazina cha kushikania. Tui limeshaondoka na mafuta mengi, kwa hiyo naongeza samli gramu 15 au 20 kwa kila gramu 75 za chicha. Maganda ya ndimu yaliyokunwa, ile sehemu ya kijani tu, yanaiinua sana. Nyeupe ya ndani ina uchungu.

Tambi nilizikaanga kwa samli zikawa nyekundu, nikazivunja ndogo sana, nikazibana juu ya donge la chicha kabla ya kuoka. Zinalia zikitafunwa.

Visivyookwa

Naomba hili lichukuliwe kwa uzito. Mradi huu ni wa kutumia mabaki, na kuna mabaki ya kutupa. Unga wenye fukusi wachache wengine huchekecha wakaendelea. Mimi nikiona utando au nikisikia harufu ya uvundo, unatoka nyumbani. Karanga ndizo ninazoziogopa zaidi. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu haiingii kwenye trei yangu. Ukungu wa karanga na mahindi unaweza kutengeneza sumukuvu, na joto la kuokea biskuti haliimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Nilizichambua karanga zangu moja moja kwenye ungo, na zenye shaka nilizitupa bila kuzionea huruma. Kuku nao nisiwape.

Bekingi pauda ya zamani haina madhara ila huwa imekufa. Tia kijiko kwenye maji ya moto, isipotoa povu jingi haina kazi. Bekingi soda ijaribu kwa matone ya ndimu. Hiyo soda inahitaji kitu chenye uchachu ndani ya donge, kama maziwa ya mgando, la sivyo biskuti huacha ladha ya sabuni ulimini. Robo kijiko cha chai kwa kikombe cha unga inatosha.

Kuhifadhi

Hewa ya Tanga hulainisha biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja tu. Zikipoa kabisa, na nasema kabisa, zinaingia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko wa kubana. Zikifungiwa zikiwa na joto, mvuke wake wenyewe unazilowesha. Zilizolegea huzirudisha kwenye sufuria yenye makaa machache kwa dakika tano na kuziacha zipoe, zinakuwa kavu tena. Za tende nazitenga na kopo lake, kwa kuwa zinatoa unyevu na kuambukiza wenzake.

Kabati leo

Kastadi imeisha, tambi zimeisha, unga wa mchele umebaki wa mpiko mmoja wa vileja, safari hii na iliki mara moja na nusu kama alivyoagiza bibi. Maziwa ya unga bado. Nitajaribu gramu 40 ndani ya donge la msingi, kwa kuwa sukari na protini zake hukoleza rangi haraka, kwa hiyo makaa ya juu nitayapunguza tangu mwanzo. Nimegundua pia unga wa muhogo nyuma ya chupa ya siki. Nauchekecha kesho, nikauonje, ukiwa hauna uchungu wala harufu nitauanza kwa gramu 60 dhidi ya ngano 240, vipimo vilevile vya kastadi, nilinganishe.