Kufukuza Moshi Milima ya Harz

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa bado mezani kwangu Hamburg, chai mkononi. Nilikuwa nimepanga kuipiga picha treni ya mvuke ikiteremka kutoka mlima Brocken, kilele cha milima ya Harz huku Ujerumani, jioni, jua limeinama, theluji imepata rangi ya dhahabu. Nikamsimulia mjomba kwa simu. Yuko Tabora, mstaafu wa reli. Akacheka mpaka akakohoa. "Injini ikiteremka inafanya kazi gani? Huo moshi utautoa wapi?"

Ni kweli. Kule Harz injini hupanda ikiwa imeelekeza bomba la moshi mlimani, na ikirudi haigeuzwi. Inashuka kinyumenyume, imepunguza mvuke, kimya kama mtu anayenyata asiamshe watoto. Basi mpango wote ukapinduka: asubuhi badala ya jioni, Februari badala ya Julai. Baridi ndiyo inayoufanya mvuke uwe mnene na mweupe. Siku ya joto unayeyuka hewani kabla hujabonyeza kitufe. Tena msitu ukikauka sana, injini za makaa huwekwa kando kwa hofu ya cheche, ikaletwa ya dizeli. Uendeshe kilomita 250 kwenda kupiga picha dizeli? Hapana.

Kuna reli nyingine za mvuke Ujerumani, ila mimi nilitaka hiyo kwa sababu moja: upana wake ni mita moja kamili, sawa na Reli ya Kati ya kwetu. Na injini zake kubwa, 17 kwa idadi, ziliundwa Babelsberg kati ya 1954 na 1956. Miaka ileile Waingereza walikuwa wakituletea Afrika Mashariki injini za mwisho mwisho za mvuke, zile Garratt, injini ndefu zenye seti mbili za magurudumu, za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima, na zile za daraja la 30 zilizopewa majina ya makabila. Mjomba alizikuta hizo za makabila. Mmoja wao, Nyaturu, namba 3020, yuko Nairobi kwenye makumbusho ya reli pamoja na Mount Gelai, mmoja wa zile Garratt. Nimewapiga picha wote wawili. Picha nzuri, hazina kasoro, isipokuwa injini imesimama. Rika lao wa Harz bado wako kazini, na wanapanda mlima karibu kila siku.

Shemeji ndiye aliyekubali kuendesha. Treni hazimhusu, ila ana matairi ya baridi na hana usingizi. Tulitoka saa tisa usiku.

"Shemeji, yaani tunakwenda kupiga picha moshi?"

"Mvuke."

"Haya, mvuke."

Ratiba ya kampuni ya reli ya Harz nilikuwa nimeichapisha na kuichora kalamu nyekundu. Kwa kuwa treni haizidi kilomita 40 kwa saa, na kutoka mji wa Wernigerode hadi kileleni inachukua kama saa moja na dakika arobaini, mtu mwenye gari anaweza kuipiga mjini, akaipita, akaisubiri mbele. Kileleni kwenyewe gari haliruhusiwi. Huko ni treni au miguu. Nilipanga vituo viwili: Westerntor, pale reli inapokatiza mitaani, halafu Drei Annen Hohne, mita 540 hivi juu ya bahari, pale injini inapokunywa maji kabla ya kuuvaa mlima wenyewe.

Westerntor tulifika mapema. Theluji ilikuwa imegandamana pembeni, kuna harufu ya makaa tayari hewani. Nikasimama kwenye kona niliyoichagua kwenye ramani, nikapima mwanga, nikangoja. Dakika arobaini. Vidole vikafa. Kisha ikasikika honi, nikainua kamera, na kilichojitokeza kwenye kona kilikuwa behewa moja la dizeli, fupi, safi, linateleza kama basi la shule.

Shemeji alikuwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, lakini nilimwona mabega yakitikisika.

Kosa langu mwenyewe. Kwenye ratiba treni za mvuke zimewekewa alama ndogo ya injini, na mimi nilikuwa nimezungushia mstari wa juu yake. Yangu ilikuja baadaye, na hapo nilikuwa natetemeka kiasi kwamba picha tano kati ya sita zilitoka kama zimepigwa ndani ya boti. Tukaingia garini, shemeji akakanyaga mafuta kupanda bondeni. Njia nzima misonobari imekauka imesimama kama nguzo za simu. Wadudu wa maganda wameumaliza msitu ule. Wapiga picha, ukisema ukweli, wamefaidika: reli iliyokuwa imejificha sasa inaonekana kutoka mbali.

Drei Annen Hohne tuliwakuta wazee wanne na chupa zao za chai. Nikasalimia, nikauliza nisimame wapi nisimzibie mtu. Mmoja akanionyesha kwa kidole, nyuma ya kivuko cha barabara, hatua tatu kushoto. Nikabadilisha betri, ya kwanza ilikuwa imekufa kwa baridi ingawa niliichaji usiku. Ya pili nilikuwa nimeificha kwapani, na huo ni ushauri wa bure.

Treni ikaingia, ikasimama. Mchochea moto akaruka chini, uso mwekundu, akauvuta mkono wa bomba la maji na kuuingiza tangini. Theluji iliyokuwa juu ya kingo ya tangi ilikuwa inayeyuka na kutiririka kwenye chuma cheusi, na ilipogusa sehemu ya moto ilitoa mlio mdogo, tss, tss, kama vitumbua vinapomiminwa kwenye mafuta. Nikatazama tu. Kamera ilikuwa shingoni.

Kisha filimbi. Kuanzia pale, penye mwinuko mkali reli hupanda mita 1 kwa kila mita 30, na injini inalijua hilo kabla ya abiria. Pumzi ya kwanza ilikuwa nzito na ya peke yake. Nikahesabu hadi mbili ndipo ikaja ya pili. Halafu zikasogeleana, ardhi ikaanza kutikisika chini ya viatu, na wingu likapanda juu ya miti iliyokufa, jeupe upande wa jua, kijivu upande wa pili. Nilikuwa nimeongeza mwanga kidogo ili theluji isitoke kama majivu. Picha za kwanza nilizipiga kwa kasi, ili vyuma vigande. Ilipokuwa mbele yangu kabisa nikashusha hadi 1/30 ya sekunde, nikaifuata kwa kiuno, magurudumu matano kila upande yakizunguka. Kisha mabehewa, mikono ya watoto madirishani, na kimya chenye harufu ya masizi.

Nilipogeuka, shemeji alikuwa nje ya gari, simu juu, anarekodi.

"Inayofuata ni saa ngapi?" akauliza.

Tulibaki mpaka jua likazama. Usiku, tukiwa njiani kurudi, nilimtumia mjomba ile bora kuliko zote: injini imejaa fremu, magurudumu yameyeyuka, wingu zima. Akajibu kwa sauti, nyuma yake jogoo anawika saa zisizo zake.

"Nzuri. Sasa huyo mchochea moto mbona hujampiga?"

Nikazipitia zote, 312, kioo cha simu kikiangaza gari zima. Kuna moja tu. Kwenye dirisha la injini, pembeni kabisa, kimetokeza kiwiko.