Gundi ya taa za mkanda: si kila inayowahi kukauka inafaa

Jamani, wenye taa za LED za mkanda kwenye dari ya jipsamu, tuongee kidogo. Ile gundi inayokuja nyuma ya mkanda kwangu haikumaliza hata msimu mmoja wa joto la Dar. Rangi ya maji inatoa unga, gundi inashika unga badala ya dari, basi mkanda unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Dukani nikaulizia ya kukauka haraka. Muuzaji hakufikiri mara mbili: "Dada, chukua supaglu." Kweli inashika kwa sekunde, maana inakaushwa na unyevu wa hewani, na huku pwani unyevu si wa kutafuta. Lakini ikishakauka haipindi. Mkanda ukipata moto na kupoa, inapasuka. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Nikamrudishia.

Nikachukua silikoni, ila ile isiyonuka siki. Inayonuka siki hutoa asidi inayokula shaba, na njia za umeme ndani ya mkanda ni za shaba.

Nilifuta dari kwa spiriti, nikaweka nukta ndogo ndogo, kwenye kona nikazidisha. Juu inaanza kukauka baada ya dakika chache, ila kukomaa ni kama saa 24, kwa hiyo nikaushikiza mkanda na tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Taa sikuwasha mpaka kesho yake, watoto wakinuna.

Aliyetumia reli za alumini za kuwekea mkanda aniambie bei, chumba cha watoto bado.