Taa ya Gia na Waya Mmoja Chini ya Kapeti

Impreza yangu ni ya gia za mkono, injini ya EJ20 isiyo na tabo, na kwenye autocross, yale mashindano ya muda ya kupita kati ya koni, ilikuwa inaniaibisha. Vumbi limetanda, macho yanatafuta koni inayofuata, nani ana nafasi ya kutazama mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika? Nilikuwa nagundua nimechelewa kupandisha gia pale injini inapofika kikomo chake na kuanza kukatakata. Nikanunua taa ndogo nyekundu ya kunikumbusha gia. Ilikuja na nyaya tatu: wa umeme, wa hasi unaofungwa kwenye bodi, na wa kusoma mzunguko wa injini. Huo wa tatu ndio ulionila Jumamosi mbili.

Jumamosi ya kwanza nilipeleka gari kwa fundi wa umeme Kirinyaga Road. "Bosi, hii dakika kumi tu," akasema, akatoa taa ya kupimia, ile ya balbu na ncha kama sindano, tayari kudunga waya mmoja mmoja wa kompyuta ya injini. Nikamwambia, "Fundi, hiyo hapana." Balbu ile huvuta umeme kuliko saketi ndogo za kompyuta zinavyoweza kuhimili, na tundu kwenye ganda la waya hukaribisha maji na kutu. Alinuna kidogo. Nikamlipa ya chai, nikarudi Kasarani.

Wiki iliyofuata nikajifanyia mwenyewe pale parkingi ya ploti. Kwenye Impreza kompyuta iko miguuni pa abiria, chini ya kapeti. Nilivua kingo za plastiki za mlangoni, nikakunja kapeti. Harufu ya matope ya mvua za miaka yote ikanipiga usoni, na hapo nikaokota sarafu ya shilingi 40, ile ya mwaka 2003 yenye sura ya Kibaki. Chini ya kapeti kuna bamba la chuma lililoshikwa na nati za spana namba 10. Ukilitoa unaona kompyuta yenyewe, na nyaya nyembamba zimesongamana kama tambi.

Usiamini rangi za nyaya ulizoambiwa na mwenye gari kama lako. Hubadilika mwaka hadi mwaka. Nilitumia mchoro wa soketi wa mwaka wa gari langu, kisha nikahakikisha kwa multimita, kipimo cha umeme, iliyowekwa kwenye Hz, yaani mapigo kwa sekunde. Pini nyembamba niliiingiza kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya, bila kutoboa chochote. Hesabu yake ni rahisi: injini ya silinda 4 huwaka mara mbili kila mzunguko. Kwa hiyo ikinguruma polepole kwa 900, multimita inapaswa kusoma 30, na kwa 3,000 isome 100. Mlinzi wetu alikubali kukanyaga mafuta. "Hapo hapo, mzee, usiachie!" Ikasoma 101. Nilikuwa nimeupata.

Nikatoa kichwa hasi cha betri kabla ya kugusa kitu kingine. Nilimenya ganda la waya karibu sentimita moja bila kuukata, nikauzungushia waya wa taa, nikaulehemu kwa risasi, kisha tepu ya kitambaa. Vile vibano vya plastiki vya kung'ata waya sivipendi, hulegea gari likitikisika. Umeme nilichukua kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, nikaweka na fyuzi yake ndogo.

Nikawasha. Injini ilipandapanda kidogo dakika za kwanza, jambo la kawaida betri ikishatolewa. Nikaitegesha taa kwenye 3,000, nikakanyaga hadi 4,000. Kimya. Nikaishusha taa hadi 1,500, nikakanyaga tena, ikawaka mshale ulipogusa 3,000 kamili. Nusu! Nikacheka peke yangu. Nyuma ya taa kuna swichi ndogo ya kuchagua silinda, nayo ilitoka dukani ikiwa kwenye 8 badala ya 4. Nilikuwa nimeanza kulaani risasi yangu bure.

Sasa nimeitegesha 6,000, ingawa injini yangu hukata karibu na 6,500. Kutoka jicho lione mwanga hadi mguu ufike kwenye klachi, mshale tayari umepanda, hasa gia ya kwanza. Ya tatu ningeweza kuisogeza hadi 6,200, lakini taa hii haina akili ya kujua niko gia gani.