Nilivyomwonyesha mpwa wangu ni kipi kinachokimbia, wingu au mwezi

Mpwa wangu ana miaka saba, na kila mwezi ulipopita katikati ya mawingu alisema unakimbia. Kumwambia "ni mawingu hayo" hakukufua dafu. Yeye alikuwa ameona. Nikaona dawa ni kumpa kitu kisichosogea, ajipimie mwenyewe.

Tunakaa mtaa wa Umoja, Nairobi. Juu ya paa letu kuna kamba za nguo na tangi la maji lililoinuliwa kwenye vyuma. Nilingoja Februari, kabla ya mvua ya masika, wakati upepo wa kaskazi huleta vipande vya mawingu na kuacha anga safi katikati yake. Mwezi ulikuwa nusu, umeshapita utosini na kuanza kushuka upande wa mjini. Saa tatu usiku nikamkalisha chini, kisogo ukutani ili kichwa kisitikisike, jicho moja amelifumba, mwezi umebakiza kidogo tu kugusa ukingo wa tangi.

Wingu likaja kutoka upande wa Komarock, mtaa ulio mashariki yetu.

"Shangazi, unarudi nyuma!"

Nikamwambia aliache wingu, akazie macho ukingo wa tangi. Akanyamaza. Wingu likapita lote na mwezi ungali palepale kando ya tangi. Kisha, pole pole, ukaanza kuingia nyuma yake, na kwa dakika kama mbili ukawa umemezwa wote. Ulikuwa ukienda magharibi, kinyume kabisa na alivyouona.

Hapo ndipo pananivutia kuliko pote. Jicho hukichukulia kikubwa kilichozunguka kuwa kimetulia, na kidogo kilicho ndani yake kuwa ndicho kinachotembea. Mwanasaikolojia Mjerumani, Karl Duncker, aliichunguza hali hii mwaka 1929. Ukiwa ndani ya matatu stejini na ya jirani ikaondoka, mwili mzima hudanganyika vivyo hivyo.

Na ule mwendo wa kuingia nyuma ya tangi? Karibu wote ni wa Dunia, inayotuzungusha sisi, paa na tangi kuelekea mashariki, digrii 15 kwa saa. Upana wa mwezi angani ni nusu digrii, ndiyo maana dakika mbili zilitosha. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua, mwezi na nyota nyingi hushuka karibu wima, jambo linalorahisisha kupima kwa mkono. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni kama digrii 10, yaani dakika 40. Siku hizi mpwa wangu hulipima hivyo jua la jioni, ajue muda wa kucheza uliobaki.

Mawingu hayapimiki hivyo. Ya chini hupita mbio. Yale membamba ya juu sana huonekana kama yamesimama, ingawa mara nyingi huko upepo una nguvu zaidi. Umbali ndio unaoyapunguzia kasi machoni petu.

Jambo la mwisho tulifunzwa na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Usiku ule kilikuwa mashariki ya mwezi, kama ngumi mbili. Kesho yake tulipopanda saa ileile, mwezi ulikuwa umekisogelea, imebaki chini ya ngumi moja. Huo sasa ni mwendo wa mwezi wenyewe: kati ya nyota husogea mashariki, takriban upana wake mmoja kila saa, digrii 13 kwa siku, na ndiyo sababu huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku. Kwa hiyo mtoto hakukosea yote. Upande wa Komarock mwezi unakwenda kweli, ila kwa mwendo ambao wingu haliwezi kuuonyesha.

Nilimwambia hivyo waziwazi. Akataka tupande na usiku wa tatu, aone kama mwezi utakipita Kilimia. Tulipofika juu, ulikuwa umeshakipita.