Kifaa Kilichozimwa Kinajuaje Saa?

Umeme unaporudi hapa Lubumbashi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, ya siku nzima, vifaa vya nyumba moja havikubaliani juu ya saa. Maikrowevu inamulika sufuri tupu na kungoja mtu aje kuirekebisha. Dikoda ya televisheni inasita kidogo, kisha inaonyesha saa sahihi. Kompyuta ya mezani, ambayo haikupata umeme tangu alfajiri, inawaka ikiwa inaijua tarehe na hata dakika. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza tofauti hiyo inatoka wapi, na kadiri ninavyolichunguza jambo hili ndivyo ninavyoona kwamba vifaa vingi tunavyovizima hatuvizimi kabisa: ndani yake hubaki kisehemu kidogo kinachoendelea kuhesabu usiku na mchana, na la kuuliza ni nani anayekilisha kisehemu hicho.

Kinachohesabiwa ni mitetemo. Ukiifungua kompyuta na kuitazama bodi yake kuu kwa makini, mara nyingi utaona kimkebe cha rangi ya fedha, chembamba na kifupi, kilichosimama au kulazwa kwenye miguu miwili ya waya. Ndani yake mna kipande cha fuwele ya madini ya kwarizi kilichochongwa kwa umbo la uma wenye meno mawili. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za namna hiyo zikibanwa hutoa umeme, na baadaye ikathibitishwa kwamba kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme hujikunja. Kwa hiyo fuwele iliyochongwa kwa kipimo sahihi hutetema mara 32,768 kwa sekunde bila kuchoka. Idadi hiyo haikuokotwa tu. Ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja kamili, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa saketi ya kielektroniki. Sekunde ikishapatikana, dakika, saa na tarehe ni hesabu za kujumlisha tu.

Fuwele hiyo ina tabia zake. Imetengenezwa ili iwe sahihi zaidi kwenye nyuzijoto 25 hivi, na joto likipanda au likishuka kutoka hapo, huchelewa. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, ambapo chumba kisichokaliwa hapa kwetu kinaweza kukaribia nyuzijoto 10, saa ya kompyuta iliyozimwa hupoteza zaidi ya nusu sekunde kwa siku kwa sababu ya baridi peke yake. Saa ya mkononi yenye fuwele kama hiyo ina bahati nzuri zaidi, kwa kuwa inapashwa joto na mwili wa anayeivaa. Hata bila baridi, fuwele ya bei nafuu inaruhusiwa kukosea sehemu 20 kwa milioni, jambo linalosikika kuwa dogo mpaka uone kwamba ni kama dakika 10 kwa mwaka.

Mlishaji wa saa ya kompyuta ni betri ya kifungo iliyobanwa kwenye bodi kuu, ile iliyoandikwa CR2032, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ina volti 3 na akiba ya miliampea-saa 220 hivi. Ikiwa saa inatumia mikroampea 5 (mikroampea ni sehemu moja ya elfu ya miliampea), akiba hiyo inatosha kwa saa 44,000, ambazo ni kama miaka 5. Hapo ndipo mji wetu unapoingia katika hesabu. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, huilisha saa yake kwa umeme wa ukutani, na betri hupumzika. Umeme ukikatika, betri hubeba mzigo peke yake. Ndiyo maana betri inayoweza kukaa karibu miaka 10 mahali ambapo umeme haukatiki huku kwetu huisha mapema zaidi, na lawama hutupiwa muuzaji wa sokoni ambaye pengine hana kosa lolote.

Dalili za betri hiyo kufa zinapotosha. Katika duka moja la fotokopi karibu na chuo kikuu nilimsikia mwenye duka akilalamika kwamba kila tovuti, hata ya benki yake, ilikuwa ikimtolea onyo la hatari.

"Mwanangu, intaneti imeharibika yote," alimwambia fundi.

"Mama, kabla ya kuwalaumu wenye intaneti, tuangalie kwanza tarehe," akajibu kijana.

Kompyuta ilikuwa ikidai kwamba ni Januari ya 2015. Fundi alikitoa kifuniko cha pembeni, akaichokoa betri kwa ncha ya bisibisi, akaishika kwa waya mbili za kipimo chake, na tarakimu zikaonyesha volti 2 na kitu badala ya 3. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya kweli: kila tovuti salama hubeba cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba iko katika mwaka 2015 huviona vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza kutumika.

Simu haina betri ya pembeni ya namna hiyo kwa kawaida. Saa yake hula kutoka betri kubwa, na simu inapojizima kwa kuishiwa chaji huwa imeacha akiba kidogo ambayo yatosha kuhesabu kwa muda mrefu. Nyingine zikinyimwa umeme kabisa huamka katika tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo mifumo ya kuendeshea kompyuta na simu ya ukoo wa Unix huanzia kuhesabu sekunde zake.

Maikrowevu ni ya kabila jingine. Nyingi hazina fuwele ya kutunza saa wala betri. Huhesabu mawimbi ya umeme wenyewe, ambao kwetu ni herzi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na umeme ukiondoka hapabaki cha kuhesabu. Mtambo wa namna hiyo ukilishwa na jenereta inayozunguka kasi kidogo, tuseme herzi 52, hutangulia kwa zaidi ya dakika 2 kila saa. Wala si tatizo letu peke yetu: mwanzoni mwa 2018, mvutano wa umeme kati ya Serbia na Kosovo uliishusha kidogo mno kasi ya mawimbi katika mtandao unaounganisha nchi nyingi za bara la Ulaya, na saa za jikoni za aina hiyo zikachelewa karibu dakika 6 kabla ya mambo kurekebishwa.

Dikoda nayo huipokea saa kutoka nje. Satelaiti huituma saa pamoja na picha, na kusita kule ni muda wa kungoja saa hiyo ifike. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, isipokuwa zile za toleo la 5 zenye saketi yao ya saa, nazo huuliza saa kwenye intaneti kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Pasipo mtandao, hazijui lolote.

Lakini hata saa iliyohesabu vizuri haijui iko wapi. Kinshasa inapofika 12:00, Lubumbashi ni 13:00, na fuwele haina habari na hilo. Katika Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, mji wetu unapatikana kwa jina lake kwenye orodha ya majira, yaani kanda za saa, jambo linalonifurahisha kila ninapoliona. Katika Windows inatubidi tujiunge na Harare na Pretoria. Anayeweka mifumo yote miwili katika kompyuta moja hukutana na ajabu nyingine: Windows huandika katika saa ya bodi majira ya mahali, Linux huandika yale ya dunia nzima (UTC), yaliyo nyuma yetu kwa saa mbili, na kila unapohama kutoka mmoja kwenda mwingine, kama hakuna intaneti ya kusahihisha, saa huruka kwa saa mbili kamili. Mafundi wengi wa Ulaya hushauri kwamba Windows ndiyo ilazimishwe kufuata majira ya dunia, kwa sababu kwao saa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka na mifumo miwili inaweza kuibadilisha kila mmoja kwa wakati wake. Kongo haibadilishi saa kwa misimu. Kwa hiyo hapa naona ni rahisi zaidi kuiagiza Linux isome majira ya mahali. Ni amri ya mstari mmoja, na Windows haiguswi.