Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Msomaji mwenzangu wa kwanza katika nchi ya watu hakuwa mtu, alikuwa penseli. Nilikuwa nimeazima riwaya ya Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, chapa ya 1976, iliyonifikia kutoka maktaba ya chuo kikuu kimoja kilicho mbali na ninapoishi hapa Marekani, na nilipoifungua nilikuta pambizoni maandishi madogo ya mwanafunzi aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Kila neno lililompa taabu alilipigia mstari na kuliandikia maana yake kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ulijaa mistari, wa pili vivyo hivyo, na kuanzia ukurasa wa kumi hivi mistari ikaanza kupungua, jambo lililonifurahisha kama vile mwanafunzi huyo alikuwa wangu. Halafu, katikati ya ukurasa wa 38, penseli ikakoma. Nilipekua hadi mwisho wa kitabu nikitafuta angalau mstari mmoja zaidi, nisiupate. Katika karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada mlikuwa na mihuri miwili tu, mmoja wa 1987 na mwingine wa 2003.

Nilitamani kumuuliza mtu yule ni kwa nini aliachia pale. Alishindwa na lugha, au muhula ulikwisha, au alichoshwa na masaibu ya Rehema, msichana anayesimuliwa humo? Ndipo nilipotambua kwamba kilichokuwa kikinipungukia ughaibuni si vitabu, wala si watu wa kuzungumza nao Kiswahili, maana hao ninao kazini na ninao kwenye simu. Nilichokosa ni mtu wa kuniuliza nimefika ukurasa wa ngapi.

Ninaposema hivyo, wengi hudhani kwamba shida ni upatikanaji wa vitabu, na hapo inafaa nieleze kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu nikiamini hivyo. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi yake Nairobi tangu 1966, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya vitabu, magazeti na majarida yanayochapishwa katika eneo letu, kwa ajili ya maktaba yenyewe iliyoko Washington na kwa maktaba za vyuo vinavyoshiriki katika mpango huo. Kwa hiyo kuna riwaya za Kiswahili ambazo huzioni tena katika duka lolote lakini zimekaa kwa utulivu kwenye rafu za vyuo vya huku, zikisubiri mtu azitake. Katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, fasihi ya Kiswahili hukaa kwenye namba 896.392, na katika vyuo vingi vikubwa, vinavyofuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge, utaipata chini ya PL8704. Maktaba ya mtaani kwangu ilikuwa na kitabu kimoja tu kwenye ile namba ya Dewey, tena cha watoto. Mkutubi aliyekuwa kaunta aliponiona nimesimama mbele ya rafu ile kwa muda, alinijia, akaniuliza ninatafuta nini, akanijazia fomu ya kuazima kitabu kutoka maktaba nyingine. Baada ya wiki mbili nilipigiwa simu kwamba kitabu kimefika, na sikulipa chochote.

Kwa atakayetaka kujaribu, nampa tahadhari moja iliyonigharimu muda mwingi: katalogi hazijui desturi zetu za majina. Shaaban Robert yuko chini ya R, na Mohamed Suleiman Mohamed huandikwa kwa kuanza na lile Mohamed la mwisho. Nilipokuwa nikiandika jina kama ninavyolitamka, mara nyingi nilirudishwa mikono mitupu. Ni afadhali kutafuta kwa jina la kitabu, au kuchagua lugha ya Kiswahili, ambayo katika katalogi nyingi imewekewa alama ya herufi tatu, swa, kisha kuvinjari taratibu kama mtu anayepita sokoni bila haraka. WorldCat, inayounganisha katalogi za maelfu ya maktaba duniani, itakuonyesha pia ni maktaba gani iliyo karibu nawe yenye kitabu unachokitaka.

Kupata wasomaji ni kazi ya aina nyingine. Nilianza na chama cha wasomaji cha mtaani, kilichokuwa kikikutana mara moja kwa mwezi kujadili riwaya moja ya Kiingereza. Walikuwa watu wema, na sina neno nao isipokuwa moja: zamu yangu ya kueleza ninachosoma ilipofika, nikataja riwaya ya Kiswahili, mazungumzo yaligeuka kuwa darasa. Niliulizwa lugha hiyo inazungumzwa na watu wangapi, inaandikwa kwa herufi gani, na kama kitabu kile kinaeleza hali ya Afrika. Hakuna aliyeniuliza kama kinanipendeza. Nilijibu maswali yote kwa heshima, nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyetoka kazini, na mwezi uliofuata sikwenda.

Kilichonifaa ni mkutano wa watu wasiozungumza. Upo mtindo ulioanzishwa na marafiki wawili huko San Francisco mwaka 2012, ambao sasa umeenea katika nchi nyingi, wa watu kukutana mahali pamoja, kila mmoja na kitabu chake mwenyewe, wakasoma kimya kwa muda wa saa moja hivi, na kabla au baada ya hapo anayetaka akaeleza anachosoma. Hakuna kitabu kilichopangwa wala maswali ya kujibu. Mwanzoni niliona ni kichekesho, mtu mzima kufunga safari ili akasome pamoja na watu asiowajua jambo ambalo angeweza kulifanya kitandani kwake. Lakini kuna kitu katika ukimya wa watu ishirini wanaosoma kwa pamoja. Unasikia karatasi ikigeuzwa, unasikia mtu akicheka peke yake kwenye kona, na bila kutaka unajiuliza amesoma nini.

Ni huko ndiko nilikokutana na Mzee. Alikuwa ameketi meza ya pili, mtu wa makamo ya miaka sabini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa akisoma kwa Kifaransa. Saa ilipokwisha aliinama upande wangu, akalitazama jalada langu kwa makini, akasema, “Mama, hii kitabu ni ya Kiswahili?” Nikamwambia ndiyo, ni riwaya. Akavua miwani. Alitoka mashariki ya Kongo, amezungumza Kiswahili tangu utoto, na katika maisha yake yote hakuwa amewahi kushika riwaya ya Kiswahili. Alichokuwa amekisoma katika lugha hiyo ni Biblia na vitabu vya nyimbo tu. Riwaya kwake zilikuwa jambo la Kifaransa. Nilimpa kitabu asome ukurasa mmoja. Aliusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, na mara mbili alisimama akauliza maana ya neno ambalo kwangu ni la kawaida kabisa. Alipomaliza alisema kwamba hicho ni Kiswahili bora, akimaanisha kile cha shule na cha vitabu, lakini kwamba watu waliomo ndani yake anawajua.

Sikutegemea kwamba mwenzangu wa kusoma angekuwa mtu anayesema “vitabu ya Kiswahili”. Nakiri kwamba sisi tuliolelewa na Kiswahili cha mtihani tuna kiburi kidogo katika jambo hili, na kiburi hicho hakitufai kitu ughaibuni. Mzee anasoma polepole kuliko mimi, na kwa sababu hiyo huona mambo ambayo mimi nimeyaruka.

Wengine wawili niliwapata mtandaoni, baada ya kupotea njia mara kadhaa. Nilijiunga na makundi mawili ya WhatsApp yaliyojiita ya wapenda vitabu. Katika la kwanza, siku ilianza kwa picha za maua zenye salamu za asubuhi na ikamalizika kwa mjadala wa siasa, na katikati yake mtu akibandika picha ya jalada la kitabu, wengine hujibu kwa alama za kupiga makofi, basi. Kundi la pili lilikuwa na bidii zaidi, lakini bidii yake yote ilikuwa katika kusambaza faili za PDF za vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, vingine vikiwa vya waandishi walio hai na ambao bado vitabu vyao vinauzwa. Nilipouliza kwa upole kama kuna aliyewahi kuvinunua, msimamizi alinijibu kwamba elimu haina bei. Labda haina, lakini mwandishi anayeandika kwa Kiswahili hana wasomaji wengi kiasi cha kuweza kuibiwa na wale wanaodai kumpenda. Nilijitoa siku hiyo hiyo. Jambo lililonishangaza zaidi, hata hivyo, ni kwamba katika mamia ya faili zilizorushwa mle sikuona mtu hata mmoja akisema kwamba amemaliza kusoma moja.

Baadaye nikagundua kwamba uchache wetu unaweza kuwa faida. Katika tovuti ambazo wasomaji huorodhesha vitabu vyao, kama LibraryThing iliyoanza mwaka 2005 au Goodreads iliyofuata mwaka 2007, riwaya maarufu ya Kiingereza ina maoni mengi kiasi kwamba ukiongeza lako ni sawa na kutia chumvi baharini. Fungua ukurasa wa riwaya ya Kiswahili, utakuta maoni ya watu wa kuhesabika kwa vidole, na kila mmoja wao ni kama jirani. Nilikuta mama mmoja aishiye Ujerumani ameandika mistari miwili kwamba ameishia sura ya tano kwa sababu ya hasira, na kwamba atarudi hasira ikipoa. Nilimwandikia kumuuliza kama imepoa. Alijibu baada ya miezi miwili. Yeye ndiye aliyemleta wa nne wetu, mwalimu mstaafu aliyebaki nyumbani Afrika Mashariki, ambaye sote tunamwita Mwalimu, na ambaye hatujawahi kumwona uso.

Tumekubaliana kusoma kurasa thelathini kwa wiki na kuzungumza Jumapili saa sita mchana ya huku, ambayo kwa Mwalimu ni saa tatu usiku. Hilo lilikwenda vizuri hadi Machi. Huku saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ujerumani husogeza Jumapili ya mwisho, na Afrika Mashariki haisogezi kamwe. Jumapili ya kwanza baada ya mabadiliko mimi na Mzee tulikuwa peke yetu, tukiwalaumu wenzetu kwa uvivu, na saa moja baadaye wao wakawa peke yao wakitulaumu sisi. Kwa majuma mawili tuliachiana ujumbe wa sauti tu, usiozidi dakika mbili, na nasikitika kusema kwamba mazungumzo yetu hayakuwahi kuwa mazuri kama wakati ule, kwa kuwa aliyepewa dakika mbili hujieleza kwa uangalifu.

Tuna kanuni moja pia, aliyoiweka Mwalimu. Hairuhusiwi kusema kwamba kitabu ni kizuri. Ni lazima useme umefika ukurasa wa ngapi na ni kitu gani kimekukwama hapo. Nilidhani ni ukali wa kazi yake ya zamani, lakini ukimwambia mtu kwamba kitabu ni kizuri umemfungia mlango, hana la kukujibu ila kukubali au kukataa. Ukimwambia kwamba tangu ukurasa wa 61 humwamini tena msimulizi, atakwenda kuufungua ukurasa huo usiku huo huo.

Sasa tunasoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yenyewe ilichapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Mimi na mwenzetu wa Ujerumani tulikuwa tumekwisha kuisoma kwa Kiingereza, na tulidhani kwamba tutawasubiri wenzetu huku tukipumzika. Haikuwa hivyo. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayeitwa Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na kwa muda mrefu anamhesabu tajiri huyo kuwa ndugu wa wazazi wake. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu huyo, awe wa upande wa baba au wa mama. Mwalimu akauliza, kabla hatujafungua kitabu, kama tungekuwa sisi tunatafsiri, tungemfanya Aziz kuwa mjomba, ami au baba mdogo? Tulibishana kwa saa nzima. Mwenzetu wa Ujerumani alishikilia mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye mwenye haki ya kuja na zawadi na kuondoka. Mimi nilisema ami, maana deni ni la baba. Mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba kwao mtu mwenye mali huitwa baba na kila mtu, hata na wale wasiompenda, na kwamba mtoto hawezi kulaumiwa kwa kuamini. Alichochagua mfasiri sitakisema hapa. Atakaye akifungue kitabu.

Jumapili iliyopita tulikuwa ukurasa wa 90, au tuseme tulipaswa kuwa hapo. Mimi nilikuwa wa 84, kwa sababu ya zamu za usiku. Mzee, aliyekuwa nyuma yetu tangu mwanzo, ametupita wote kwa sura mbili, na tulipomuuliza mambo ya Yusuf yanaelekea wapi, alikohoa, akatuambia tusome.