Taa Nyingi Mno

Juzi, kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha kule Mikocheni, nilisimama mbele ya turubai jeusi lililotapakaa vidoto vya njano. Kijana mmoja wa miwani akawa anamweleza mwenzake kwamba zile ni roho za watu wa mjini, kila moja na upweke wake. Kicheko kikanipanda, nikakigeuza kikohozi. Karabai hizo, mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzihesabu, tabia niliyoambukizwa Kigoma.

Ni enzi zile ofisi ikinituma kila kona, mnazikumbuka. Ya semina yenyewe sina mengi. Projekta, chai, sambusa, na umeme wa majenereta ya dizeli, maana gridi ya taifa ilikuwa haijafika, ukakatika katikati ya slaidi ya bajeti. Nikamalizia kwa mdomo. Hoteli zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikapata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mlimani, juu ya mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika. Chumba kizuri, ila ukuta mmoja ulipakana na stoo yake ya dagaa. Shuka zilinukia ziwa.

Jioni tukakaa barazani. Jua likazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo. Mwezi haukuwepo, na huo ndio wakati wenyewe, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Kwanza ikatokea taa moja mbali. Ukigeuka kuchukua kikombe, ukirudisha macho zimekuwa tano. Halafu giza lote likajaa, huwezi tena kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nyingine za njano, zinapumua kidogo, hizo karabai. Nyingine nyeupe kali, hazitikisiki, hizo za betri zilizokuwa zimeanza kuingia. Mwaka huohuo nilikuwa nimepanga foleni kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, kuona mto wa usiku aliouchora Van Gogh na taa zake zikirefuka majini. Foleni ndefu, kulipa juu. Hapa niko bure, na kanga begani.

"Mama, pazuri jamani," nikasema.

"Taa nyingi mno," akasema. Wala hakuwa ananijibu mimi.

Nikauliza ubaya uko wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Kila taa ile ina wavu chini yake. Dagaa wanafuata mwanga, migebuka inafuata dagaa. Ziwa lina kina kinachofika mita 1,470 na mji mzima unamsubiri samaki asiyezidi kidole. "Kesho mwalo utajaa, bei itaanguka, na mimi gunia zangu ziko ndani." Akaingia stoo, akatoka na dagaa wachache kiganjani. Akavunja kichwa cha mmoja, akanipa kiwiliwili nitafune polepole. "Unasikia mchanga?" Sikusikia. "Hao wa chanja. Wa kuanikwa chini wanalia menoni." Kisha, kwa sauti ya kunihurumia, akaniambia nichukue sado yangu, lile kopo la kupimia, usiku uleule, atanipunguzia.

Sasa mimi ni mtu wa hesabu, mnanijua. Kama kesho bei inaanguka, leo nanunua ya nini? Nikamwambia nitachukua asubuhi nikiondoka. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mwanangu, umejifunza haraka."

Nilibaki peke yangu pale barazani muda mrefu, nikijaribu kuziangalia tena kama mwanzo. Haikuwezekana. Kila taa ilikuwa imeshakuwa shilingi. Sijui kama aliniharibia au alinionyesha. Hata juzi Mikocheni sikupata jibu.

Usiku wa manane upepo ukavuma, bati likapiga kelele, na nilipochungulia dirishani ziwa lilikuwa jeusi tupu.

Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mwakeye!" akaniamkia na kwa Kiha. Uso umechangamka. Mitumbwi imerudi mitupu, wachuuzi wameshapanda mlima kugonga mlango wake, nusu ya gunia zimeondoka kabla ya chai. Nikauliza sado. Akataja bei bila kupepesa macho.

"Lakini mama, jana usiku..."

"Jana usiku kulikuwa na taa."

Nikalipa. Akajaza sado, akaongeza konzi moja juu, tukaagana vizuri.

Uwanja wa ndege, begi lilipowekwa kwenye mizani, dada wa kaunta akanusa. "Wa chanja hao?" Nikasema ndiyo. Akauliza nimepewa kwa shilingi ngapi. Nilipomtajia, akamwita mwenzake aje asikie.